Mvutaji aulizwe anaishi na nani

Mhariri,

Kila inapofika Mei 31, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, tunasoma magazetini na kusikia redioni maneno yale yale: mvutaji anaharibu mapafu, mvutaji anachoma pesa, mvutaji aache. Ni maneno ya kweli na sina ugomvi nayo. Lakini huyo mvutaji anayesemwa kila mwaka ni mwanamume mmoja, yuko peke yake, hana mke wala nyumba. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mshonaji wa nguo, mkaazi wa Kisauni hapa Mombasa. Nimevuta sigara miaka mingi na mume wangu amevuta kunishinda. Leo hatuvuti, si yeye si mimi, na tumeweza kwa kuwa tuliacha siku moja, sote wawili. Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme jambo hili: yeyote anayemshauri mvutaji aache, awe daktari, nesi, mhudumu wa afya ya jamii, imamu au mchungaji, amuulize kwanza anaishi na nani, na huyo anayeishi naye je, anavuta? Kama anavuta, waitwe wote wawili wakae benchi moja.

Jina langu nakuomba ulihifadhi. Nina wateja, na nina binti ambaye bado hajaolewa. Huku kwetu Pwani mwanamume akivuta barazani hapana anayegeuka kumtazama. Mwanamke akionekana na sigara ataitwa kila jina, na wazazi wake watatajwa hata kama wako kaburini. Kwa hivyo wanawake wanaovuta huvutia chooni, uani, au juu ya dari nguo zikishaanuliwa. Utafiti wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2014 ulikuta wanaume 15 katika kila 100 wanavuta, na kwa wanawake hafiki hata mmoja katika 100. Ni wanane katika kila 1,000. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wanane. Kwa anayepanga huduma akiwa ofisini, wanane katika 1,000 ni rahisi kusahaulika. Lakini hawa ninaowajua mimi, karibu wote wanavuta nyumba moja na waume zao. Mwanamke asipoulizwa, yule mume anayeshauriwa aache anarudishwa kwenye moshi ule ule alioutoka asubuhi.

Nilianza kuvuta nikifanya kazi katika chumba cha nguo cha hoteli moja ya Pwani ya Kaskazini, mimi na wenzangu tukishona mashuka na mapazia zamu ya usiku. Mume wangu alikuwa dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba, na mara nyingine akivuka hadi Kampala. Madereva wa masafa wengi huvuta ili usingizi usiwachukue kwenye usukani, na foleni ya mizani ya Mariakani peke yake ilitosha kummalizia mtu pakiti. Miaka hiyo kila mtu alikuwa anavuta kwake. Kisha makontena yakahamia kwenye reli mpya ya SGR, safari zikapungua, tajiri wake akauza magari, na mume wangu akarudi nyumbani akanunua tuktuk. Haikupita muda ikaja korona mwaka 2020, hoteli zikafungwa, nami nikarudi na cherehani yangu sebuleni. Hapo ndipo tulipoanza kuvuta pamoja, na hapo ndipo sigara ilipozidi.

Asiyevuta hudhani kwamba wavutaji wawili katika nyumba moja ni mara mbili ya mmoja tu. Sivyo. Ukisikia kiberiti kikiwashwa uani, mkono wako unakwenda wenyewe kwenye pakiti hata kama hukuwa na hamu. Chai ya asubuhi ilikuwa na sigara yake, tumekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, yeye ya juu mimi ya chini, hatusemi neno mpaka ziishe. Wali wa mchana ulikuwa na yake. Na kulikuwa na sigara ya kupatana: tukigombana, wa kwanza kutulia alimnyooshea mwenzake sigara, na mwenzake akiipokea, yamekwisha, hayatajwi tena. Hili la kupatana nalisisitiza kwa kuwa sijaliona katika bango lolote la afya, na kwetu ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Sigara ilikuwa ndiyo maongezi yetu. Ukimwachisha mmoja, umemwondoa pale ngazini, na aliyebaki anavuta huku anamsikia mwenzake akitaabika ndani.

Nguo za wateja nilikuwa nazifukiza udi kabla hawajaja kuzichukua. Nilikuwa na chetezo karibu na cherehani, na gauni la harusi nililitundika juu yake usiku kucha. Wateja wakisema, mama, nguo zako zinanukia. Udi si rahisi siku hizi, na nikipiga hesabu naona tulikuwa tunalipa mara mbili, sigara yenyewe na kitu cha kuificha.

Baadaye mume wangu akashikwa na kikohozi kisichokwisha. Tulikwenda kituo cha afya ambacho sitakitaja. Wakampima makohozi wakihofia kifua kikuu, na walifanya vyema, maana mvutaji hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko asiyevuta. Hakuwa nacho. Daktari akamwambia, "Mzee wangu, hicho kifua ni sigara. Acha." Alimweleza kwa upole, kijana mwenye adabu, akamwandikia na dawa. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni, buibui langu linanuka moshi ule ule anaoambiwa auache. Hakuniuliza. Tulipotoka, nesi akanivuta kando akaniambia, "Mama, mchunge mzee asivute." Nikaenda nyumbani na kazi ya uaskari, na pakiti yangu iko mkobani.

Mume wangu alitoka pale na nia ya kweli. Akaacha. Mimi nikawa najitenga naye, navutia chooni na dirisha liko wazi. Siku moja nikiwa mle ndani nilihisi kuna mtu nje ya mlango. Hakubisha, hakuita. Nilimsikia akivuta pumzi, ndefu, pale chini ya mlango moshi ulipokuwa unapita. Nilipofungua hakusema kitu, akaondoka. Jioni yake alikuwa amerudi kwenye ngazi yake ya juu.

Kwa hivyo mtu akisema "mzee yule hana azma, ameambiwa aache akashindwa", mimi namwambia azma alikuwa nayo. Alichokosa ni nyumba isiyokuwa na sigara.

Binti yetu, anayesomea uuguzi, ndiye aliyetusomea habari za utafiti mmoja wa Uingereza. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia wenza jozi 3,722, watu wa miaka 50 kwenda juu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Katika wanawake waliokuwa wakivuta, wale ambao waume zao waliacha wakati mmoja nao, nusu yao waliacha. Wale ambao waume zao waliendelea kuvuta, walioacha ni 8 tu katika 100. Na lililonishangaza zaidi ni hili: wale walioolewa na wanaume wasiovuta kabisa, walioacha ni 17 katika 100. Yaani kuacha pamoja na mvutaji mwenzako kunasaidia kuliko kuishi na mtu safi. Nilipolisikia nilielewa papo hapo. Asiyewahi kuvuta atakukataza, atakunusa, atakukagua mifuko. Anayeacha nawe anajua kwa nini saa nne asubuhi umemtupia mtu neno kali bila sababu, kwa sababu yeye mwenyewe amelitupa saa tatu.

Tulichagua Ramadhani. Wako watakaosema kila mvutaji Mwislamu huacha Ramadhani, na ni kweli, huacha mchana. Tangu alfajiri hadi magharibi, saa kumi na tatu na zaidi, mwili haupati nikotini, ile dawa iliyomo katika tumbaku inayomfunga mvutaji. Nikotini haikai sana katika damu, kila saa mbili hivi hupungua nusu, na ile hewa ya sumu ya moshi inayoshika nafasi ya oksijeni hutoka karibu yote ndani ya siku moja. Kwa hivyo aliyefunga amekwisha kufanya nusu kubwa ya kazi. Kisha adhana inalia. Pita nje ya msikiti wowote wa mtaani wakati wa futari utawaona: tende moja, funda la maji, na kabla uji haujamiminwa moshi umekwisha kupaa. Kazi ya saa kumi na tatu inabomolewa kwa dakika tano, na kesho inaanza upya. Mume wangu ameishi hivyo miaka yake yote, nami pia, kwa siri. Tukakubaliana kwamba tutakachokipigania ni zile saa za usiku tu, kutoka futari hadi daku.

Shaabani ilipokuwa inakwisha tulifua mapazia, tukaanika magodoro, tukakitupa kifuu tulichokuwa tukikungutia majivu. Kisha tukaenda kwa mwenye duka la jirani, sote wawili, mchana kweupe. Mume wangu akamwambia, "Ndugu yangu, kuanzia mwandamo wa mwezi usiniuzie sigara, wala usimuuzie mama watoto, wala mtoto yeyote akija akisema ametumwa na sisi." Yule bwana alinitazama. Alikuwa akidhani sigara zote ni za mzee. Hapo ndipo siri yangu ilipotoka mtaani, na nilijua itatoka. Nilimwachia mume wangu aseme kwa sababu nilitaka isemwe na yeye, mbele ya watu, kwamba hili ni letu wawili.

Arosto yake, yale mateso ya mwili uliozoea sigara ukiikosa, si mchezo. Siku tatu za mwanzo ndizo mbaya zaidi, kisha hulegea taratibu kwa wiki kadhaa. Kichwa kinauma, usingizi unakataa, mdomo unatafuta kitu. Tuligombania chumvi ya mchuzi wa papa kana kwamba ni urithi. Na tulipokwisha kugombana hatukuwa na sigara ya kupatana, tukabaki tumekaa, kila mtu anangoja mwenzake afanye jambo, na hakuna ajuaye lifanywe lipi. Usiku ule mume wangu aliinuka akachemsha tangawizi, akaimimina katika vikombe viwili, akakaa ngazi ya chini, ile yangu. Nikakaa ya juu. Tukaanza kuzungumza, kwanza juu ya chumvi, baadaye juu ya mambo ambayo tulikuwa tumeyazima kwa moshi tangu wakati ule alipoachishwa kazi.

Tulijiwekea masharti. Moja, aliye na hali mbaya zaidi ndiye mwenye haki ya kununa, mwenzake anyamaze. La pili, hamu ikimpanda mtu asijitenge, ampigie mwenzake simu. Hamu ya sigara haikai. Inapanda, inakaza, na dakika chache baadaye imeshuka ikiwa hukuipa kitu. Mume wangu akiwa kwenye steji ya Kongowea anangoja abiria, madereva wenzake wanawasha, ananipigia. "Mama watoto, niambie unashona nini." Nami namwambia: nashona sare ya shule, nimemaliza ubavu, sasa naweka kola. Kola imekaa upande, naifumua. Uzi umekatika, natia mwingine kwenye sindano, macho yangu hayaoni vizuri, subiri. Umeingia. Sasa narudi na kola. Hapo namsikia anashusha pumzi, ananiambia, "Haya, imepita," anakata simu. Mimi nikizidiwa namwuliza yuko wapi, naye ananitajia barabara: niko Nyali, nimebeba bibi na mafurushi, sasa tunakata kona. Hatukuambiana neno moja la nasaha. Nasaha tulikuwa nazo za kutosha.

Sharti la tatu lilikuwa kwamba atakayeteleza aseme, na asisimangwe. Lilikuja kutufaa baada ya Idi. Kulikuwa na matanga Likoni kwa watu wake, na usiku wa matanga wanaume hukesha nje, sigara inazunguka mkono hadi mkono. Alipewa moja akaivuta. Alivuka feri alfajiri, akafika mlangoni, na hajavua hata viatu akaniambia, "Nimevuta jana." Nilimwona usoni kwamba alikuwa anangoja nitoe yangu. Kwa miaka yote ile, hivyo ndivyo ilivyokuwa: mmoja akianguka, wa pili anamfuata ili asimwache peke yake. Lakini mimi sikuwa na sigara, wala duka la jirani halingeniuzia. Nikamwambia aoge, chai iko tayari. Hakuvuta tena siku ile wala ile iliyofuata. Wataalamu wanasema wengi wanaoacha huteleza, na kuteleza mara moja si kurudi. Naamini. Ila naamini pia kwamba angelirudia nyumba yenye kifuu cha majivu, pale pangekuwa ndio mwisho wa kuacha kwetu.

Nigusie tambuu, maana mashoga zangu wengi, kwa mapenzi, waliniambia nitafune tambuu badala ya sigara. Wengi hutia tumbaku ndani ya tambuu, kwa hivyo hapo umebadilisha mlango tu, nyumba ni ile ile. Na hata bila tumbaku, popoo yenyewe, ile kokwa inayofungwa ndani ya tambuu, imethibitishwa kusababisha saratani ya kinywa. Mimi nilitafuna karafuu na iliki, mume wangu akatembea na mswaki mdomoni mchana kutwa. Na vile vifuko vidogo vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo, ambavyo vijana wa steji wanavinunua wakidhani ni peremende, hivyo navyo ni uraibu ule ule.

Sasa niseme la serikali, kwa kuwa si kila kitu ni cha mke na mume. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, ikatunga Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Sheria ile inasema sigara ziuzwe katika pakiti isiyopungua kumi, na asiuziwe mtoto wa chini ya miaka 18. Nenda duka lolote la mtaani uone: pakiti imefunguliwa, imewekwa kando ya biskuti, na moja moja zinauzwa kwa shilingi ishirini. Zile picha za kutisha zilizowekwa kwenye pakiti tangu 2016, anayenunua moja hazioni kabisa. Kwa watu wawili wanaojaribu kuacha, sigara ya moja moja ndiyo adui mkubwa. Pakiti ni kubwa, nitaiona mfukoni mwake, ataiona katika kopo langu la vifungo. Moja haionekani. Inanunuliwa kwa chenji ya maziwa, inavutwa njiani, na uongo wa kwanza umeingia ndani ya nyumba. Maafisa wa kaunti hupita madukani kukagua leseni kila mwaka, nami huwaona. Wanapita mbele ya pakiti iliyofunguliwa wakatazama karatasi ukutani. Sheria iko, na wenye kazi ya kuisimamia wanalipwa. Naomba waisimamie.

La pili ni dawa. Shirika la Afya Duniani liliziweka plasta na chingamu za nikotini, zinazompunguzia hamu anayeacha sigara, katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2009, likaongeza vidonge vya kuachia sigara mwaka 2021. Sisi tuliacha bila dawa, na sipendi mtu achukue hilo kuwa ni sifa. Kama kungekuwa na plasta pale tulipopimwa makohozi, pengine mume wangu asingesimama nje ya mlango wa choo. Plasta zikipatikana katika duka la dawa mjini kwa bei ambayo mshonaji hawezi, hazijapatikana. Ziwekwe zahanati, na zitolewe kwa wawili. Ukimpa mmoja plasta ukamwacha mwenzake na pakiti, umezitupa. Kwa asiye na wa kumwuliza, kuna nambari ya simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, yenye ushauri kwa watu wenye uraibu. Iandikwe ukutani katika kila zahanati, na ibandikwe ndani ya vyoo vya wanawake, nimekwisha kueleza kwa nini.

Najua yuko msomaji mwanamke atakayesema, wangu mimi hataki kuacha, nifanyeje? Sina jibu rahisi la kumpa. Nilicho nacho ni hiki: asivutie ndani. Hata asipoacha, nyumba ikikosa moshi, kifua chako na cha watoto kinapumua, na wewe unayeacha hupati ile harufu ya kukuita. Mwambie pia akutolee kiberiti machoni. Na usikubali akuache uwe askari wake, kwa sababu hiyo kazi itawatia uadui kabla sigara haijawaua. Kwa mwanamume ambaye mkewe ndiye mvutaji, na wapo, namwomba asimtishe kumrudisha kwao. Mwanamke akitishwa haachi, hujificha.

Naomba pia masheikh na maimamu wetu. Mwezi wa Shaabani hutoa darsa za saumu kila msikiti. Pale pale wawaalike manesi wa zahanati ya mtaa, wakae na wanaume upande wa wanaume na wanawake upande wa wanawake, wawaambie kwamba Ramadhani inakuja na nusu ya kazi mtaifanya mkiwa mmefunga. Makanisa nayo yana Kwaresima yao, siku arubaini, ambazo ni ndefu kuliko wiki zile ngumu za mwanzo.

Tangu mwaka 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja mikoba na simu, nao huja mpaka majumbani. Wa mtaa wetu ni msichana mwenye bidii. Hunipima presha na sukari, kisha hujaza maswali kwenye simu yake: maji mnachota wapi, choo kikoje, watoto wamechanjwa. Nawaomba wanaoyatunga maswali hayo, Nairobi na hapa Mombasa, waongeze mawili: nani anavuta katika nyumba hii, na kama ni wawili, je, mko tayari kuitwa pamoja? Na la kwanza aulizwe kila mtu faraghani, mwanamke kando yake, kwa sababu mbele ya mama mkwe hakuna atakayelijibu.

Wasalaam,

Mshonaji,
Kisauni, Mombasa